Gauni la Kompyuta

Kompyuta yangu ilianza kuzimika yenyewe mwaka niliostaafu na kurudi nyumbani, huku karibu na Sori, kando ya ziwa, na kwa wiki kadhaa sikujua kama mgonjwa ni mashine, ni stima, ni mama yangu au ni mimi. Nasema hivi mapema asije mtu akasoma akidhani atafundishwa kutengeneza kompyuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewaambia watoto wa watu kwamba jibu likikataa kutoka, rudini juu, kosa liko kwenye mstari mlioupita haraka. Mstari wangu mwenyewe niliupita kila siku, tena nikausifu mbele ya wageni.

Mashine nilipewa na walimu wenzangu wa Migori siku ya kuniaga, pamoja na saa ya ukutani na blanketi. Ilikuwa ya mezani, kuukuu, skrini mbali na kasha lake mbali, na miaka yote niliyoitumia pale shuleni haikuwahi kuzimika bila kuambiwa. Nyumbani niliiweka sebuleni. Skrini ilikaa mezani, kasha nikaliweka juu ya kigoda katikati ya kiti changu na kiti cha Mama, kwa sababu pale ndipo waya ulipofika. Mke wangu alikuwa bado anafanya kazi Homa Bay na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili.

Nilikuwa na kazi moja ya kufanya na mashine hiyo. Mama alikuwa ameanza kusahau. Halikuwa jambo la kutisha bado. Aliweza kukuuliza kama umekula huku anakuona unanawa mikono baada ya kula, na mara mbili alimwita jirani yetu kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani. Lakini ukoo wetu wote alikuwa nao kichwani, kuanzia babu aliyekuja hapa na kondoo mmoja mpaka sisi watoto wake sita: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani amelala upande gani wa boma. Yeye aliolewa hapa, lakini sisi wenye boma ndio tuliokuwa tukimuuliza. Nilitaka niandike kila kitu kabla hakijaanza kuvuja. Tena nilitaka niandike kwa Kiswahili, maana wajukuu wa Nairobi Kijaluo chao ni cha salamu tu, na dada yangu mmoja ameolewa kwa Wakuria, ambako hata hizo salamu hawana.

Basi kila alasiri baada ya chai, Mama alikaa kitini, akafunga kitambaa chake kichwani kama anayekwenda kanisani, akaanza. Yeye alisema kwa Kijaluo, mimi nikachapa kwa Kiswahili. Kila mtu alikuwa na mstari wake, na mbele ya jina la aliyekufa niliweka neno "Marehemu". Ukurasa wa kwanza ulijaa marehemu watupu. Ukurasa wa tatu tukafika kwetu watoto, na hapo walio hai wakaanza kuonekana.

Wa tano kati yetu ni ndugu yangu, ninayemfuata mimi. Alikuwa fundi wa injini za boti. Kuvua hakujua, samaki alijua kuwala tu. Miaka mingi iliyopita alitoka asubuhi kwenda kujaribu injini aliyokuwa ameitengeneza, na boti ikapatikana baada ya siku mbili upande wa Muhuru Bay, injini imeinuliwa vizuri kutoka majini, kama anavyoiinua mtu aliyekwisha kufika. Yeye hakupatikana. Wazee walingoja, kisha wakaja kumwambia Mama kwamba wakati wa kuzika yago umefika. Yago ni lile tunda refu na zito la mti wa porini. Kwetu mtu akipotea na mwili wake usionekane, tunda hilo huzikwa badala yake, kwa sala na kilio kamili, ili apate mahali pa kulala na waliobaki nao wapumue. Mama aliwapa wazee chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtoto wake si tunda. Wakaaga wakaenda. Tangu siku ile ukimuuliza habari za huyo mwanawe alikujibu maneno mawili tu, odhi nam, ameenda ziwani, kana kwamba alimtuma maji.

Siku ya kwanza tulipomfikia, nilichapa jina lake, kisha vidole vikasita.

"Mama," nikauliza, macho nimeyaacha kwenye vitufe, "huyu nimwandikie marehemu?"

Skrini ikawa nyeusi. Haikuonya wala haikuaga. Feni ikanyamaza, na sebule nzima ikawa kimya hata nikasikia kuku nje.

"Otho," Mama akasema.

Kwa Kijaluo taa ikizimika tunasema otho, imekufa, na mtu akifa tunasema otho vile vile. Neno ni moja. Mama alilitumia kwa redio, kwa jiko, kwa kuku na kwa majirani, bila kulitafuta. Kwa ndugu yangu sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake hata siku moja.

Nilibonyeza kitufe. Mashine ikaamka, ikazimika tena kabla haijamaliza kufungua. Nikairudia, ikafanya vile vile. Nilikuwa sijahifadhi hata mstari mmoja, mwalimu mzima, na marehemu wote wa alasiri ile wakapotea mara ya pili.

Kesho yake nilihifadhi kila jina nilipomaliza kulichapa. Haikusaidia sana, kwa sababu Mama hakukubali kuanzia tulipoachia. "Ukoo hauanzwi kiunoni," aliniambia. Alianza tena na babu wa kondoo mmoja, mimi nikafuata kwenye skrini nikisahihisha, na kila hadithi ikasimuliwa upya. Tulipofika kwa ndugu yangu nikauliza swali lile lile. Skrini ikawa nyeusi. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Nilitazama saa ya ukutani niliyopewa: kutoka kuwasha mpaka kuzimika, nusu saa na dakika chache, kila siku.

"Basi tumruke," nikasema. "Tuandike mimi kwanza, halafu tumrudie."

Mama alinitazama kama nilivyotazamwa zamani nilipotaka kuoa kabla ya kaka zangu. Kwetu mdogo hamruki mkubwa wake, si kwa kuoa wala kwa kujenga. Sikujua kwamba hata kwenye karatasi haruki. Kwa hiyo orodha ikakwama pale, mbele ya jina lake, na mimi nikiwa nyuma yake nangoja zamu.

Nikaipeleka mashine Migori. Fundi wangu ni mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na kibanda chake kiko nyuma ya soko. Alifungua kasha, akachungulia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwalimu, hii ni nini umefuga hapa ndani?"

Walikuwa ni sam. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi na kuja nchi kavu wakiwa mamilioni. Ukiacha dirisha wazi unawafagia kwa ufagio. Walikuwa wamejaza feni mpaka ikawa na zulia. Fundi aliwatoa kwa brashi, kisha kwa mashine ya kupuliza upepo, na wauza nyanya wa nje wakalalamika.

"Ndio maana inazima," akaniambia. "Mashine ikisikia joto sana inajizima yenyewe, isiungue. Feni ndio inaipea hewa. Sasa feni ilikuwa imezibwa. Itapumua aje?"

"Kwa hivyo si uchawi," nikasema, nikicheka.

"Uchawi gani, mwalimu? Ni dudu tu. Na ukifika nyumbani, ifunike. Usipoifunika hawa watu wataingia tena."

Iliwaka pale kwake kutwa nzima ikicheza nyimbo za kwaya, haikuzimika hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu sawa na la nyuma ya kitabu.

Nikamweleza Mama: ilikuwa wadudu, na fundi amesema tuifunike. Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyumba yetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa vyake vya kufuma, redio ina chake, meza ina chake, na hata mtungi wa maji una kofia. Alichukua uzi akalipima kasha urefu na upana kama fundi cherehani, akatoa sufi nyekundu na nyeupe iliyobaki kwenye sweta za wajukuu, akaanza kufuma. Kwa siku nne sikuruhusiwa kuwasha. Mashine haiwezi kufanya kazi bila nguo na wageni wanaingia, alisema.

Halikuwa kitambaa, lilikuwa gauni. Lilikuwa zito, uzi umekunjwa mara mbili ili mdudu asipate pa kupita, na lilishika kasha vizuri kila upande. Mbele aliacha tundu la kidole, nipate kubonyeza kitufe bila kuivua. Nyuma aliacha kitundu cha waya, na chini akamalizia na marinda. Siku za kusahau kwake zilikuwa zimeanza, lakini mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Akina mama wa kanisa walipokuja kusali walilishika wakalisifu, na mmoja akauliza kama anaweza kufumiwa la televisheni yake. Nami nikawaambia, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba ni agizo la fundi.

Alasiri ile tukaanza upya na babu wa kondoo mmoja. Nilichapa kwa raha. Tukapita marehemu wote, tukafika kwetu, tukafika kwa ndugu yangu.

"Mama, huyu nimwandikie marehemu?"

Skrini ikawa nyeusi.

Nilibaki nimeshika meza. Mama hakusema otho mara hii. Aliitazama mashine ndani ya gauni lake, kisha akatabasamu. Miaka mingi sikuwa nimeliona tabasamu lile.

"Si wadudu," akasema. "Ni yeye. Anakataa."

"Mama, ni mashine."

"Yeye na mashine walikuwa wanaelewana. Nikimwita kula, si alikuwa anazima injini kwanza ndiyo aitike?"

Hilo lilikuwa kweli. Ulikuwa unasikia injini inakata kule chini ufukweni, halafu sauti yake.

Nilimpigia fundi simu. Akaniuliza kama feni inazunguka. Nikasema nasikia inavuma. Akauliza kama stima yetu inarukaruka. Nikasema sijui. Akauliza tena.

"Na uliifunika?"

"Niliifunika. Tena vizuri sana."

"Hapo sawa," akasema, na mimi nikaona sawa.

Nikashuku stima. Niliwasha redio na taa zote kwenye waya ule ule nikakaa nikizitazama alasiri nzima kama askari wa zamu; hazikupepesa. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha mahali pa kuchomeka. Ilizimika pale pale, kwenye jina lile lile, swali likiwa bado mdomoni. Nikaivua gauni, nikaliacha kwa Mama alifue, nikaibeba mashine mara ya pili mpaka Migori. Fundi alikaa nayo siku tatu. Nilikwenda siku ya mwisho, nikaomba kiti, nikafungua orodha yangu mwenyewe, na mbele ya jina la ndugu yangu nikachapa: Marehemu. Nikangoja nusu saa. Nikangoja saa nzima. Mashine ikavuma tu. Nikalifuta lile neno, kwa sababu halikuwa langu kuliandika.

"Hii mashine iko mzima kabisa," fundi akasema. "Labda ni nyumba yako ndio mgonjwa."

Alikuwa anatania, lakini nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo njia nzima. Nilimwambia Mama kwamba kule Migori nimeliandika na mashine haikuzimika.

"Pale si kwao," akasema. "Atakataaje kwenye nyumba ya watu?" Akaichukua mashine, akaivalisha gauni lililofuliwa, akalinyoosha marinda.

Naungama kwamba kichwa changu kilianza kuvurugika. Kila nilichojua kilisema ni mashine, na kila nilichokiona kilisema ni yeye. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi nilikuwa nimekwisha kufika kwa Firauni. Mama kwa upande wake alichangamka. Alianza kupika chai mapema. Alivaa gauni lake zuri siku za kawaida. Tulipokaribia jina lile alijiegemeza mbele, mikono magotini, akingoja ikatike, na ilipokatika alishusha pumzi, akaenda kuwapa kuku mtama huku anaimba. Sikumwuliza anaimba nini. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi nikiwa na hasira, na hasira hiyo nilijua ni ya nini. Nilikuwa na wivu na mtu wa ziwani. Mimi ndiye niliyerudi, ndiye niliyekuwa napasha maji yake ya kuoga, na katika wiki zote hizo hakuna siku tuliyofika kwenye jina langu.

Siku moja ikanitoka. "Mama, mimi niko hapa!"

"Najua uko hapo," akasema, akashangaa. "Nani amesema haupo?"

Jumamosi moja kitu kingine kikatokea. Alifika kwa mke wa tatu wa babu, jina alilokuwa amelitaja kila alasiri bila kukosa, akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi, kisha vidole vyake. Nilimsomea kutoka kwenye skrini. Akaitikia haraka, "Ndiyo, ndiyo, huyo," akaendelea, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona wazi kwamba siku chache zinazofuata ndizo tulizonazo, na kwamba jibu la swali langu lilikuwa kwake tu. Akilisahau, hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kunijibu.

Jumapili alikwenda kanisani na jirani. Nilibaki nyumbani. Niliwasha mashine na, kwa aibu iliyonifanya hata mlango niufunge, nikaanza kusoma ukoo kwa sauti kama anavyofanya yeye, kwa Kijaluo, kuanzia babu wa kondoo mmoja. Sikuruka mtu. Nilisimulia na hadithi zao. Nilipofika kwa ndugu yangu sikuchapa kitu. Nilinyoosha mkono nikauweka juu ya kasha, kama unavyomwekea mtu mkono begani.

"Kama ni wewe," nikasema, "sema. Kama si wewe, tuache tumalize. Mama anachoka."

Mkono ukaungua.

Joto lilipanda kupitia sufi, tena joto la sufuria ya uji. Kabla sijauondoa mkono, mashine ikazimika chini ya kiganja changu. Kisha nikalifunua gauni kwa nyuma, nikaona mahali feni inapotolea hewa pamefunikwa kabisa na marinda ya uzi uliokunjwa mara mbili. Kule Migori mashine ilikuwa haina nguo. Mara ya kwanza gauni lilikuwa halijafumwa, na mara ya pili lilibaki nyumbani likifuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimewafundisha watoto mara ngapi, na sikuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa na marinda.

Nilimpigia fundi. Alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Mwalimu! Unaifunika ikiwa imezimwa! Ikiwa imelala! Sasa wewe ukiwa na homa, unavaa sweta mbili?"

Nilikunja gauni nikaliweka kitini kwa Mama, nikawasha mashine ikiwa uchi. Ikawaka. Ibada ikaisha, watu wakapita barabarani, na bado ilikuwa inavuma. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitamani kulivalisha tena lile gauni, nikae kimya, nimwache Mama na alasiri zake. Nililishika mara mbili. Kisha nikakumbuka alivyovitazama vidole vyake ile Jumamosi, nikaliacha.

Alipokaa kitini baada ya chai aliliona likiwa limekunjwa.

"Umeivua?"

"Ilikuwa inasikia joto, Mama. Gauni liliiziba pua. Ndiyo sababu ilikuwa inazimika."

Alilichukua akaliweka magotini, akalilaza kwa viganja. Nilidhani hataanza siku ile. Akaanza, polepole kuliko siku zote. Kwa mke wa tatu wa babu alisita, nikamsomea, akaitikia. Tulipita hadithi zote. Saa ya ukutani ilipita ile nusu saa yetu na mimi niliiona ikipita, naye akaniona nikiiona.

Tukafika. Nilichapa jina la ndugu yangu.

"Mama, huyu nimwandikie marehemu?"

"Ngoja," akasema.

Tukangoja. Alijiegemeza mbele, uso wake ukiielekea mashine na si mimi, mkono mmoja ameuweka sikioni. Feni ilivuma. Dakika tano zikapita, labda zaidi. Nilikuwa nimeacha kutazama saa. Niliomba izimike. Sisemi uongo, mimi mwalimu wa hesabu nilimwomba Mungu aikate stima ya kijiji kizima. Nje mtu aliita mbuzi wake, na mbuzi akaitika.

Mama akarudi nyuma kitini.

"Kumbe hakuwa yeye," akasema.

Alilikunja gauni mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama mfuko wa chumvi.

"Otho," akasema.

Niligeuka haraka kuitazama skrini. Ilikuwa inawaka. Jina lilikuwa pale pale, na kile kijistari mbele yake kikiwakawaka kikingoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa anasema habari za mashine.

Nikalichapa lile neno. Halikuwa gumu zaidi kuliandika kuliko kwa wengine. Herufi zake ni zile zile nane. Machozi yalinitoka nikayaacha. Mama aliniambia nimsomee mstari wote, nikausoma, akatikisa kichwa kuafiki kwamba hakuna nilipokosea.

"Kesho uwaite wazee," akasema. "Waambie nitapika chai."

"Nitawaita, Mama."

Alijifuta uso kwa lile gauni, akakaa vizuri, akafunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Haya. Anayefuata."

"Anayefuata ni mimi."

"Najua ni wewe. Si nilikuwepo?" Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Wewe usijiandikie lile neno."

Nikachapa jina langu, bila kitu mbele yake.